Helmeti Haivuliwi Haima

Mume wangu Muhanna hajawahi kumwambia mtu hapana, isipokuwa mimi.

Mji wetu wa Adam wote unalijua hilo, na wengi wamefaidika nalo. Uani kwetu kuna mbuzi wanne vilema, kwa sababu kila mwenye mbuzi kilema humletea yeye. Alikuwa golikipa wa mtaa mpaka akaota mvi, na mpira anauogopa kama nyoka, lakini hakuna aliyetaka kusimama golini. Walimwambia, "Muhanna, simama wewe," akasimama. Jirani mmoja alipokwenda Hija alimwachia kasuku wake. Jirani alirudi, kasuku hakurudi kwake. Mwenyewe alisema, "Naona amekuzoea," na Muhanna akajibu, "Kweli, amenizoea." Kasuku yule alikuwa na matusi ya bandarini. Tulikaa naye mpaka Mungu alipomchukua.

Mke wa pili aliingia katika maisha yetu kwa mlango huo huo.

Kwetu, mgeni aliyetosheka na kahawa hukitikisa kikombe kidogo kabla ya kukirudisha. Asipokitikisa, mwenyeji atammiminia mpaka kiama. Siku hizo Muhanna alikuwa dereva wa lori la maji, akipeleka maji kambi za jangwani, na siku moja akapumzika Haima, mji mdogo katikati ya jangwa, kwa Bakhit, mwenye duka la matairi kwenye kituo cha mafuta. Kikombe cha kwanza walizungumza mvua. Cha pili, ngamia. Cha tatu, Bakhit akasema ana dada yake anayeitwa Tufla, mjane, mtulivu, mwenye heshima zake. Mwanamume mwingine angekitikisa kikombe hapo hapo na kuomba ruhusa ya kuondoka. Muhanna alinyoosha mkono amiminiwe cha nne.

Aliporudi alikuwa ameshaposa. Mimi niliyemzalia watoto watano alinipa sababu moja tu. "Mama Aflah, ningefanyaje? Kahawa ilikuwa bado moto."

Imepita miaka kumi na miwili. Kwangu mimi haijapoa.

Pikipiki nayo ilikuja hivyo hivyo. Ni lile dude kubwa la kusafiria, lenye masanduku ubavuni kama ngamia wa harusi. Mwenyewe lilimshinda, akamtafuta Muhanna. Lakini hapa nitasema haki, maana kusema haki ni deni hata kwa mtu aliyekudhulumu: pikipiki ile aliipenda. Baada ya kustaafu lori alikuwa anazunguka nyumbani kama kuku aliyepoteza yai. Alipoipanda mara ya kwanza mgongo ulinyooka, nikamwona tena yule kijana aliyekuja kunichumbia. Nikaingia ndani haraka asinione nimemwona.

Akajiunga na kundi la Yarub. Huyu Yarub ni polisi mstaafu, mrefu, sauti yake haina haja ya simu. Kundi lake lina mtihani mmoja: unatoka Adam baada ya sala ya alfajiri, unakwenda Salala, unageuza, na alfajiri nyingine ikuadhinie uko Adam. Ni jangwa tupu, barabara imenyooka mpaka akili inalala kabla ya macho. Huruhusiwi kusimama ila kwa mafuta, sala na haja. Anayemaliza hupewa beji ya chuma na kukaa mbele barazani siku ya Alhamisi. Asiyemaliza hukaa nyuma, karibu na viatu.

Muhanna alikuwa amekaa karibu na viatu mara mbili. Mara ya kwanza alisimama kumsaidia mtu aliyegonga ngamia, akaishia kwenye mazishi ya ngamia, sijui kama nalo lipo. Mara ya pili alijaza mafuta Haima, Bakhit akatoka dukani akasema, "Shemeji, mbuzi ameshachinjwa." Yarub alipofika Salala akageuza, akapita tena Haima, alimkuta Muhanna amelalia mto, anachokoa meno.

"Mara ya tatu ndiyo ya mwisho," Yarub alimwambia mbele ya watu. "Ukishuka tena kula mbuzi, uza hiyo pikipiki ununue sufuria."

Mimi beji hiyo isingenikosesha usingizi. Kilichonikosesha usingizi ni nyumba.

Nyumba hii, uwanja wake alinipa baba yangu. Mitende ya nyuma nilipanda mimi na mama. Lakini siku ya kuandikisha, karani alisema mwanamke asiyejua kutia sahihi atawasumbua watu, na mimi shule sikwenda, basi karatasi ikaandikwa jina la Muhanna. Wakati ule sikuona kosa. Mtu na mumewe.

Sasa Bakhit akaanza. Dada yake amechoka na upepo wa Haima, watoto wake wawili wanakua, waje Adam. Waje wakae wapi? Wakae mbele, kwenye sebule na vyumba viwili vinavyotazama barabara. Na Ghaniya, yaani mimi? Ghaniya watoto wake wameshaoa na kuolewa, mtu mzima hahitaji nafasi, atahamia chumba cha nyuma. Cha nyuma ndicho kinachopakana na mbuzi.

Hayo Bakhit aliyasema mwezi wa Ramadhani, Muhanna alipokwenda kufuturu kwao.

"Ukamjibu nini?" nilimuuliza.

"Nilisema inshallah."

"Inshallah ya kukubali, au ya kukimbia?"

"Inshallah tu, Mama Aflah. Inshallah ya kawaida."

Basi nikapiga hesabu yangu. Tangi la pikipiki ile haliwezi kuvuka Haima bila kujazwa. Kituo cha mafuta ni kile kile chenye duka la Bakhit. Muhanna akishuka, atakaa. Akikaa, atakunywa. Akinywa, atarudi Adam na beji hana, na mimi nitalala na mbuzi. Kwa hiyo safari yake ikawa yangu. Yarub alimfundisha kuendesha. Mimi nilichukua kazi ngumu zaidi, ya kumfundisha kukataa kahawa.

Tulianza na makalio. Yarub husema pikipiki haiendeshwi kwa mikono, huendeshwa kwa makalio. Mikono huchoka ikapumzika, lakini makalio hayana zamu. Nikachukua ngozi ya kondoo wa Idi, nikaisugua kwa chumvi, nikaianika, nikaishona juu ya kiti, manyoya juu. Kisha Muhanna akawa anakaa juu ya pikipiki uani, injini imezimwa, helmeti kichwani, kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, bila kushuka. Jirani yangu Shinuna akachungulia juu ya ukuta.

"Ghaniya, mumeo anakwenda wapi leo?"

"Salala."

"Mbona hajatoka uani?"

"Bado anapasha makalio moto."

"Basi akifika anisalimie watu wa huko," akasema, akaanguka kwa kicheko upande wake wa ukuta.

Maji alikunywa kwa mrija uliotoka kwenye mfuko mgongoni, ukapita chini ya kidevu. Tende nilizitoa kokwa, nikazisokota na ufuta, nikazipanga kwenye mfuko wa kifuani, ili mkono mmoja uchukue bila macho kuondoka barabarani. Siku ya kwanza alijaribu kula bila kufungua kioo cha helmeti. Tende nzima ilibaki kwenye kioo, naye akasema giza limeingia mapema. Haya yote alijifunza. Mikono yake ina akili kuliko ulimi wake.

Kisha tukafika kwenye kahawa. Nikakaa mlangoni na dele la kahawa, vikombe vidogo mkono wa kulia, nikajifanya Bakhit.

"Karibu, shemeji! Shuka, shuka!"

"Wallahi nimechelewa," akasema Muhanna ndani ya helmeti.

"Kikombe kimoja."

"Nimechelewa, shemeji."

"Nusu kikombe. Unusie tu."

Nikaona mkono unapanda kidevuni, unafungua kamba.

"Muhanna!"

"Umetia iliki nyingi," akasema kwa huzuni. "Hiyo si haki."

Tulirudia kila alasiri. Nilileta kahawa, nikaleta haluwa, nikachoma udi, nikalia kwamba nimefiwa. Kwenye udi alishikilia vizuri. Kwenye haluwa alishuka. Kwenye msiba alishuka, akavua helmeti, akaanza kunipa pole kwa marehemu ambaye hayupo. Lakini kidogo kidogo akawa anaweza. Tena alianza kukatalia watu wasiohusika. Nilimwita chakula, akasema, "Wallahi nimechelewa," na alikuwa amelala.

Helmeti haivuliwi Haima: hilo tulikubaliana. Uso ukifunikwa, kikombe hakina mlango.

Lakini masikio hayafungwi. Mimi namjua Bakhit, akishindwa na kahawa atauliza habari. Na habari zikiulizwa, huwezi kuondosha pikipiki kama mtu asiye na wazazi. Kwetu watu wakikutana huulizana habari kwa utaratibu. Huyu anauliza, yule anajibu, "Hakuna jipya, mambo yako vile vile," hata kama nyumba yake imeungua asubuhi. Kisha naye anauliza, anajibiwa hivyo hivyo. Maneno haya hayamkeri mtu, ndiyo adabu yenyewe. Hapo ndipo wazo likanipitia kama umeme.

"Sikiliza," nikamwambia. "Atakuuliza habari za nyumba. Usiseme ndiyo, usiseme hapana. Sema, hakuna jipya, yako vile vile."

"Atakasirika?"

"Atakasirikiaje salamu?"

Muhanna akalipima neno. Uso wake ukafunguka kama mtu aliyepewa ufunguo wa pingu zake. "Mama Aflah," akasema, "ungekuwa mwanamume ungekuwa waziri."

"Ningekuwa mwanamume nisingeolewa na wewe. Rudia."

"Hakuna jipya, yako vile vile."

Nilijiona nina akili sana siku ile. Nalisema hili ili mjue.

Siku ya safari walitoka baada ya sala, Yarub na Muhanna na wengine wawili, taa zao zikapita kwenye mitende na kupotea. Nikafagia, nikachambua mchele, nikauchambua tena. Jua lilipopanda nikajua wako Haima. Lilipopanda zaidi nikajua wamepita, nikaanza kuimba. Simu ikalia. Yarub.

"Mama Aflah! Mumeo amevua helmeti!"

"Haima?"

"Haima tulipita salama! Alijaza mafuta akiwa juu ya kiti, hakugusa ardhi. Shemeji yake alikuja na dele, Muhanna akasema amechelewa. Wakaulizana habari, wakacheka, tukaondoka. Nikasema leo mtu amekuwa mtu! Tumekwenda mwendo mrefu, tuko mbali kabisa, mara naona ananiwashia taa. Anasimama. Anavua helmeti, anaifunga nyuma ya kiti, anatoa kilemba kwenye sanduku, anakifunga vizuri kwa kioo cha pikipiki. Anageuza. Bila helmeti, mbele yangu, mimi polisi!"

"Amesema nini?"

"Amesema ana neno na Bakhit. Mama Aflah, huyo mtu sasa mnunulie sufuria."

"Yarub, pale Haima uliona kitu kingine?"

Akafikiri. "Walikuwa wanapakia magodoro kwenye gari. Na kabati. Na mtu mmoja alisema wanahamia Adam."

Mwanamume kwetu hafungi kilemba katikati ya jangwa ila anakwenda kuposa, kuzika au kukabidhi. Kwa posa ameshaposa. Hakuna aliyekufa. Imebaki kukabidhi.

Nikaingia sebuleni nikakokota sanduku langu la harusi, lile la mbao lenye misumari ya shaba ambalo wanaume wanne walilibeba kuliingiza. Nililikokota peke yangu, sijui nguvu zilitoka wapi, nikaliziba nalo mlango wa mbele. Nikapanda nikakaa juu yake, mchi wa kahawa mapajani. Shinuna alichungulia, akaniona uso, akajishusha. Mchana sikula. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani nililisikiliza kama ni lenye magodoro.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama nikasikia pikipiki. Moja. Nyuma yake hakukuwa na gari.

Alisimama ng'ambo ya mlango, vumbi mpaka kwenye nyusi, kilemba kimekaa upande. Alitembea kama mtu aliyemezeshwa meza. Tukatazamana juu ya sanduku.

"Habari za huko," nikamwambia. Mchi niliushika vizuri.

"Leo zipo," akasema.

Akaegemea ukuta, maana kukaa hakuweza.

"Neno lilikwenda kama tulivyojifunza. Nikasema nimechelewa. Akauliza habari, nikasema hakuna jipya. Akauliza, 'Na ile nyumba?' Nikasema, 'Hakuna jipya, yako vile vile.' Mama Aflah, alifurahi! Akanipiga bega, akasema, 'Mwanamume ni neno lake.' Nami nikafurahi. Nimekwenda mwendo wote ule najisifu ndani ya helmeti. Kisha jangwa likawa kimya, nikalisikia lile neno. Vile vile. Vile vile vipi? Mara ya mwisho niliposema naye, nilisema inshallah. Ikiwa mambo yako vile vile..."

"Basi inshallah ipo pale pale," nikasema polepole.

"Ipo pale pale. Na wao wameanza kupakia."

Neno lile halikuwa lake, lilikuwa langu.

"Ungempigia simu," nikasema.

"Nyumba haikataliwi kwa simu." Sikuwahi kumsikia akisema kwa sauti ile. "Wala haikataliwi juu ya pikipiki, uso umefunikwa kama mwizi. Mtu unamkatalia umekaa kwake, umekula chakula chake, anakuona macho. Nikarudi. Nikashuka. Nikakaa. Akachinja."

"Bila shaka akachinja."

"Nikala. Kahawa nikanywa vitatu, nikatikisa. Kabla hajafungua mdomo nikasema, Bakhit, nyumba ya Adam ni ya Ghaniya. Uwanja ni wa baba yake. Jina langu kwenye karatasi ni la kuazima. Tufla hatakaa mle, wala Ghaniya hatahama."

"Ulisema hivyo? Mbele ya nani?"

"Mbele ya wote waliokuja kupakia. Na Tufla yuko nyuma ya pazia."

"Bakhit akasemaje?"

"Akasema ningesema kabla ya mbuzi."

Kicheko kilinijia, nikakimeza. Mtu akishakudhulumu hupaswi kucheka anapokuchekesha. Ni kumpa bure. Lakini nilijua haijaisha. Namjua.

"Kisha akasemaje?"

Muhanna akatazama viatu vyake. "Kisha akasema, basi mjengee dada yangu nyumba yake mwenyewe."

"Muhanna."

"Mama Aflah, ile hapana ya kwanza iliniumiza hapa." Akaweka mkono chini ya mbavu. "Ya pili sikuwa na nguvu nayo."

"Umekubali kujenga wapi?"

"Ng'ambo ya falaji."

Falaji ni mfereji wa maji wa mtaa wetu, na ng'ambo yake ni kutoka mlangoni kwangu mpaka mahali ambapo mtu akipiga chafya unamwombea rehema bila kupaza sauti. Nilimtazama mume wangu. Beji ameikosa, na mara hii haikuwa kwa sababu ya mbuzi. Alhamisi atakaa na viatu, na watu watamcheka, na hatawaambia kwa nini alirudi, maana jambo la nyumba halisemwi barazani. Alikuwa amenunua nyumba yangu kwa beji ile, kitu pekee alichojitakia, tena papo hapo akaniletea mke mwenza dirishani. Nitamsamehe vipi mtu wa namna hii? Nitamwanzia wapi?

Nikashuka kwenye sanduku. Tukalisukuma pamoja, yeye kwa nje akivuta, mimi kwa ndani. Chakula alikila amesimama, sahani juu ya rafu, na kesho yake vile vile, na siku ya tatu alikaa upande mmoja.

Jina kwenye karatasi tulilibadilisha wiki ile. Yarub naye, aliposikia yote kutoka kwa mtu wa Haima, alikuja mpaka mlangoni akasema hawezi kumpa beji maana sheria ni sheria, lakini kama Muhanna anataka kujaribu mwaka ujao, yeye hatahesabu zile za nyuma. Muhanna akasema ndiyo. Mimi sikuulizwa.

Nyumba ya Tufla imeshafika kwenye madirisha. Nilimwambia Muhanna dirisha la jikoni lisitazame kwangu, naye akamwambia fundi, na fundi akamwambia kwamba upande ule ndio wenye hewa, na Muhanna akaona kweli ndio wenye hewa. Jana Tufla alikuja kuangalia kazi. Alisimama kwenye tundu la dirisha lile, tukaonana uso kwa uso kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Ni mnene kuliko nilivyofikiri, na ana macho ya mtu aliyechoka na upepo.

"Mama Aflah," akaita ng'ambo ya maji, "hivi huyu mtu hukataa kitu gani?"

"Subiri uhamie," nikamjibu. "Utajua."

Kisha nikaingia ndani kupima pazia.